Saa nane usiku, kompyuta imezimwa

Miaka michache nyuma niliitwa na ofisi moja ndogo ya uhasibu hapa Tanga, mitaa ya Ngamiani. Diski ya kompyuta ya mhasibu ilikuwa imekufa. Ilianza kugonga tik tik kama saa ya ukutani, kesho yake ikanyamaza. Mama mwenye ofisi hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Aliniitikia marahaba huku akininyooshea kidole diski ya nje iliyochomekwa nyuma ya mashine. "Usihangaike, mwanangu. Bakapu si ipo? Si uliniwekea mwenyewe, ukasema kila usiku inajichukua?"

Nikaichomoa, nikaichomeka kwenye laptopu yangu. Ndani mlikuwa na nakala moja tu, ile niliyoichukua kwa mkono siku ya kuweka programu, miezi mitano nyuma.

Programu haikuwa mbovu, na diski ya nje ilikuwa nzima. Ratiba ilisema nakala ichukuliwe saa nane usiku, yaani 02:00, kama ilivyotoka kwa walioitengeneza, na mimi sikuigusa. Ila saa kumi na moja jioni binti wa ofisi ile huzima swichi kubwa ya ukutani kabla ya kufunga mlango, kwa amri ya mama anayeogopa moto. Saa nane ya usiku ikaja kila siku, ikakuta mashine imezimwa, ikapita zake. Tulipoteza miezi mitano ya hesabu, na kosa lilikuwa langu. Tangu hapo siiachi ratiba ya kiwandani kwenye kompyuta ya mtu.

Vitabuni kitu hiki, yaani nakala ya mafaili unayoiweka pembeni ili yakipotea uyarudishe, huitwa nakala rudufu. Wapo wanaosema chelezo, neno ambalo kwa mtu wa pwani linaleta kwanza picha ya kitu kinachoelea majini. Mtaani ni bakapu. Nitasema nakala panapofaa, na bakapu ulimi ukiteleza.

Kwa nini saa nane usiku? Desturi hii imetoka kwenye vyumba vya masava, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, ambako mashine huwaka usiku na mchana na jenereta lipo nje linasubiri. Huko usiku wa manane watu wamelala na mashine ziko macho, kwa hiyo ndio wakati wa kunakili bila kumsumbua mtu. Ofisi ndogo ya Tanga haiko hivyo. Usiku watu wamelala, mashine imelala, na pengine Luku nayo imelala. Kwa hiyo swali la kwanza unapokaa mbele ya mipangilio ni hili: ni wakati gani kompyuta hii inawaka, diski imechomekwa, na hakuna anayeandika?

Kwa ofisi nyingi za hapa jibu ni mchana. Saa saba watu wanakwenda kula, mashine wanaiacha ikiwaka kwa sababu watarudi baada ya muda mfupi. Na kwa ile nakala kubwa ya wiki, sijaona wakati mzuri kuliko Ijumaa kuanzia saa sita na nusu mchana. Nusu ya ofisi iko msikitini, nusu nyingine imetumia nafasi hiyo kwenda benki. Mama yule sasa nakala yake ya kila siku huchukuliwa 13:00, na ya wiki huanza Ijumaa 12:30.

Kuna faida nyingine ya mchana ambayo watu hawaifikirii. Faili lililo wazi ni gumu kunakili. Programu ya hesabu ikiwa katikati ya kuandika, ukilinakili faili lake vivi hivi unaweza kupata kitu kilichokatwa katikati ya sentensi. Windows ina chombo chake cha kupiga picha ya diski nzima kwa nukta moja ili kunakili kufanyike kutoka kwenye picha hiyo, na programu nzuri za bakapu hukitumia. Hata hivyo mimi humwomba mhasibu afunge programu yake anapoinuka kwenda kula. Ni kubofya mara moja tu.

Kazi kiasi gani unakubali kuirudia?

Kabla ya kugusa saa, kuna swali linalotangulia. Wataalamu wana jina refu la kitu hiki, lakini mimi humuuliza mteja hivi: kompyuta ikifa sasa hivi, ni kazi ya muda gani uko tayari kuifanya upya bila kulia? Saa moja? Siku? Wiki? Jibu lake ndilo pengo kubwa linaloruhusiwa kati ya nakala moja na nyingine.

Mhasibu anayeingiza risiti kutwa, na risiti zenyewe za karatasi zimo kwenye boksi, anaweza kurudia siku moja. Atanuna, lakini atarudia. Kwake mara moja kwa siku inatosha. Mtu anayeandika tasnifu ana kila sababu ya kutaka kila saa, kwa sababu aya nzuri haiko kwenye boksi lolote. Mwenye duka la steshenari anayechapa barua za watu na kuwakabidhi papo hapo, wiki kwa wiki inamtosha, na nikimwambia kila saa nitakuwa namuuzia diski tu.

Sasa mchukue mpiga picha za harusi. Huyu ndiye aliyenifanya nifikiri tena. Jumatatu hadi Alhamisi kwenye mashine yake hakibadiliki kitu cha maana. Kisha kati ya Ijumaa na Jumapili zinaingia picha elfu mbili, tatu, za tukio ambalo haliwezi kurudiwa. Hutamwambia bibi harusi avae tena. Ratiba ya "kila siku saa fulani" kwake haina maana. Siku nne itanakili hewa, na usiku wa Jumamosi, wakati hatari iko juu kabisa, itamwacha na nakala moja ya picha hadi kesho mchana. Na hapo kadi ya kamera ameshaifuta ili apigie harusi ya Jumapili.

Kwake tuliiacha saa kabisa. Kazi ya kunakili huanzishwa na tukio: akimaliza kuhamisha picha kutoka kwenye kadi, anabofya alama moja mezani, zinanakiliwa diski ya pili, na kadi haifutwi kabla ya hapo. Programu nyingi za ratiba zina njia hii ya kuanzisha kazi kwa tukio badala ya saa, kwa mfano mtumiaji anapoingia kwenye akaunti yake au mashine inapokaa bila kuguswa kwa dakika kadhaa. Mvuvi wa Deep Sea, pale wavuvi wa Tanga wanaposhushia samaki, haangalii saa ya ukutani kujua lini atoke. Anaangalia maji, na maji leo hayajai saa ileile ya jana. Kompyuta za watu wengi nazo zina maji yake.

Saa yetu na saa ya mashine

Hapa kuna mtego ambao miongozo haiutaji, kwa kuwa walioiandika hawahesabu saa kama sisi. Kompyuta inaanza siku usiku wa manane. Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza, kisha tunaanza tena likizama. Tofauti ni saa sita. Saa moja asubuhi ni 07:00, saa saba mchana ni 13:00, saa nne usiku ni 22:00. Unaona kama jambo la mtoto wa darasa la pili, lakini nimekuta mashine ya duka la dawa imepangiwa 07:00 na kijana aliyekusudia saa saba mchana. Duka lenyewe hufunguliwa saa mbili asubuhi.

Siku nazo zina utata wake. Majina yetu ni hesabu: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano. Sasa ukiwa na sava ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, au moja ya zile diski za mtandao zinazoshirikiwa na ofisi nzima, huenda ratiba yake inaendeshwa na cron. Hii ni programu kongwe inayosoma mstari wenye nafasi tano: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. Yenyewe huanza Jumapili, tena kwa sifuri. Jumatatu ni 1, Jumatano ni 3, Ijumaa ni 5. Mswahili akiandika 5 akiwaza Jumatano, nakala yake itachukuliwa Ijumaa, na hatajua mpaka siku ya kuitafuta. Mstari wa kila Jumatano saa saba kamili mchana ni huu:

0 13 * * 3

Nyota maana yake "yoyote". Na kama unatumia cron, jihadhari na kujaza tarehe na siku ya wiki kwa pamoja. Mstari wa 0 13 1 * 5 hausubiri Ijumaa iangukie tarehe 1. Utaamka kila tarehe 1, na pia kila Ijumaa. Nilipogundua hilo nilikuwa nimeshamjazia mtu diski.

Sava ikiwa imekodiwa ng'ambo, mara nyingi saa yake ni ya UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. 13:00 yake ni saa kumi jioni hapa Tanga. Na kwenye kompyuta ya zamani, angalia ile betri ndogo ya mviringo kama sarafu iliyo kwenye ubao mama. Ikiisha, mashine husahau leo ni tarehe ngapi kila umeme ukikatika, nakala zinapewa tarehe za uongo, na kanuni ya kufuta za zamani inaweza kufuta usiyotaka ifutwe.

Visanduku vitatu

Ukirudi kwenye Windows, ratiba nyingi za bakapu hupitia Task Scheduler, chombo kilichomo humo tangu zamani ambacho watu wengi hawajawahi kukifungua. Ukitengeneza kazi mpya humo, inakuja na visanduku viwili vimeshatiwa tiki. Kimoja kinasema kazi ianze tu kama mashine iko kwenye umeme wa ukutani. Cha pili kinasema isimame mashine ikihamia kwenye betri. Cha tatu, ambacho ndicho ningependa kiwe na tiki, huja kitupu: kile kinachoagiza kazi ifanyike mara inapowezekana endapo muda wake ulipita bila kufanyika.

Visanduku hivi vitatu vikikaa kama vilivyotoka kiwandani, laptopu ya mtu wa Tanga inaweza kukaa wiki bila nakala. Umeme umekatika saa saba kasoro dakika mbili, laptopu iko kwenye betri, kazi haianzi. Umeme umerudi saa nane, lakini muda umeshapita, na hakuna aliyeagiza ilipwe. Kesho vivyo hivyo. Mimi kwa nakala ndogo ya kila siku, inayomalizika kwa dakika chache, huondoa tiki mbili za mwanzo na kutia ile ya tatu. Kwa ile kubwa ya wiki naziacha za mwanzo, kwa sababu kumaliza betri katikati ya kazi ya saa mbili si jambo la kutaka. Na usidhani kompyuta ya mezani imesalimika. UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika, ikiunganishwa kwa waya wa USB huonekana kwa Windows kama betri, na kazi inaweza kukatwa vilevile.

Kipo pia kisanduku cha kuiamsha mashine ili ifanye kazi. Huamsha iliyosinzia. Iliyozimwa swichi ya ukutani haiamki kwa kisanduku chochote, mama yule ni shahidi.

Kwenye Linux tatizo la muda uliopita lina dawa yake: cron haina kumbukumbu, lakini programu mwenzake, anacron, inayo, na hulipa deni mashine inapowaka. Kwa wenye Mac kazi ni rahisi zaidi. Time Machine, programu ya bakapu iliyomo ndani ya Mac tangu mwaka 2007, hunakili kila saa bila kuulizwa, na tangu toleo la Ventura la mwaka 2022 unaweza kuchagua kila saa, kila siku, kila wiki au kwa mkono. Huko nyuma watu walikuwa wakitafuta programu za pembeni ili kuipunguza kasi.

Zikae muda gani

Mara ngapi ni swali moja. Zikae muda gani ni jingine, na watu huyachanganya. Hasara nyingi nilizoziona hazikutokana na diski kufa bali na mtu kufuta folda bila kujua. Mwezi wa tatu mkono umeteleza. Mwezi wa sita mkaguzi amekuja anataka hati za Januari. Ukiwa umeweka nakala za siku 30 tu, una nakala 30 nzuri kabisa, na zote hazina folda ile.

Huwezi kutunza kila kitu milele, tufanye hesabu. Tuseme una GB 200, na kwa siku hubadilika GB 2. Ukinakili vyote kila siku kwa siku 30, unahitaji GB 6,000. Ukinakili vyote mara moja, kisha siku 29 zinazofuata ukachukua kilichobadilika tu, unahitaji GB 258. Ndiyo maana karibu programu zote hufanya hivi vya pili. Tatizo lake ni kwamba ili kurudisha ya siku ya 30 unahitaji pingili zote zilizotangulia. Moja ikioza, zinazoifuata zinaweza kwenda nayo. Njia ya kati ni kunakili kila mara vyote vilivyobadilika tangu ile nakala kubwa, si tangu jana. Inakula nafasi zaidi, lakini kurudisha kunahitaji vipande viwili tu. Ile nakala kubwa ya Ijumaa inakata mnyororo usirefuke.

Kwa kutunza, kuna mpango wa tangu enzi za kanda unaoitwa babu, baba na mwana. Mwana ni nakala ya siku, baba ya wiki, babu ya mwezi. Ukitunza wana 7, akina baba 4 na mababu 12, una nakala 23, na unaweza kurudi nyuma mwaka mzima. Karibu na leo unaona kila siku, mbali na leo unaona kila mwezi. Time Machine inafanya kitu cha jinsi hiyo yenyewe: za kila saa kwa saa 24, za kila siku kwa mwezi, za kila wiki kwa zaidi ya hapo, na diski ikijaa zile kongwe kabisa zinatupwa.

Ugumu unakuja hapa: ratiba inataka diski iwe imechomekwa muda wote. Usalama unataka ichomolewe. Kirusi cha kuteka mafaili kikiingia, kinafunga kila kinachoonekana, pamoja na diski ya nje iliyokaa hapo pembeni inasubiri saa saba. Mwizi naye haachi diski akachukua kompyuta. Sijapata suluhisho la diski moja. Mama yule ana mbili, moja ina utepe mwekundu. Ijumaa nakala kubwa ikimalizika, anachomoa iliyopo, anachomeka ile nyingine, na iliyotoka analala nayo kwake Chumbageni. Programu nyingi hukubali diski mbili kwa ratiba moja, mradi uzitambulishe zote mwanzoni. Mpiga picha mmoja Mmarekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja nje ya jengo. Utepe mwekundu unatosha kuifikia, au karibu.

Wingu? Linafaa kwa ile moja ya nje ya jengo, lakini lipigie hesabu. GB 200 kwa mwendo wa megabiti 5 kwa sekunde ni karibu saa 89, siku nne kasoro. Baada ya hapo GB 2 za kila siku ni kama dakika 53, nazo ndizo za kupangia bando la usiku kama laptopu yako hulala nyumbani ikiwaka. Weka kikomo cha mwendo, usije ukaambiwa na ofisi nzima kuwa mtandao umekufa. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilidorora nchi nzima. Aliyekuwa na nakala mawinguni tu aliweza kujua ipo, ila kuishusha ilikuwa shughuli.

Siku ya kuirudisha

Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo watengeneza programu dunia nzima huweka kazi zao kwake, ilipata mhandisi aliyefuta hifadhidata kwenye sava isiyo yenyewe. Walikuwa na njia kadhaa za nakala zilizopangiwa ratiba. Ile kuu ilikuwa ikishindwa kila siku kwa sababu ya matoleo ya programu yasiyolingana, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zikikataliwa kabla ya kumfikia mtu. Kilichowaokoa ni picha ya diski iliyochukuliwa kwa mkono na mhandisi kama saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Nikisoma habari ile najiona mimi na mama wa Ngamiani, tofauti ni ukubwa wa chumba.

Mkonge uliojenga Tanga hii ulianza na shehena ya miche iliyotoka Florida, na Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alipoupanda mwaka 1893 miche iliyobaki hai ilikuwa 62. Iliyopakiwa ilikuwa elfu moja. Ratiba nayo hukuonyesha zilizopakiwa, si zilizobaki hai: tiki ya kijani, tarehe ya leo, "imekamilika". Kwa hiyo kwenye ratiba ya kila mteja wangu sasa mna mstari mmoja usio wa kompyuta, umeandikwa kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, chagua faili moja la wiki iliyopita, lirudishe mezani, lifungue, litazame.

Mpiga picha za harusi alikuwa wa kwanza kuniita. Taarifa zote zilikuwa za kijani. Alikuwa amerudisha picha moja ya Raskazone, bwana na bibi harusi wakiwa na bahari nyuma yao. Nusu ya juu ilikuwa safi, anga, shela, nyuso. Kuanzia kiunoni kwenda chini ilikuwa kijivu tupu. Nikachomoa waya wa diski, nikautazama kwenye mwanga wa dirishani. Ndani ya kichwa chake palikuwa na kutu ya kijani, ile ya hewa ya chumvi. Tukabadilisha waya, tukafuta nakala zote za mwezi ule kwenye diski hiyo, na tukaanza kunakili upya kutoka mwanzo, safari hii tukiwa tumekitia tiki kile kisanduku kinachoiagiza programu ilinganishe nakala na asili yake kila inapomaliza.